Kanda Tupu na Sauti za Wazee Wetu

Katika nyumba nyingi za Waislamu hapa Ifakara, na vivyo hivyo katika vijiji vya bonde la Kilombero tokea Kidatu hata Mlimba, hukosi kukuta juu ya kabati, au chini ya kitanda cha mama wa nyumba, sanduku la bati au boksi la viatu lililojaa kanda za sauti. Humo mna darsa za masheikh, na Maulidi yaliyosomwa katika harusi fulani, na kasida za watoto wa chuo ambao leo ni watu wazima wenye watoto wao. Mara nyingine mna sauti ya baba au babu aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Redio ya kuzichezea imeharibika siku nyingi, na boksi lenyewe limeingia vumbi. Lakini ukimwambia mwenye nyumba alitupe, hataki.

Twapenda mwezi huu tuzungumze na wasomaji wetu, wazee kwa vijana, juu ya kanda hizo, maana siku hizi wametokea vijana waliojitengenezea majumbani mwao vyumba vidogo vya kunasia sauti, nao huzunguka wakiuliza, "Wapi nitapata kanda tupu?" Swali hilo ni jema, na tutalijibu kadiri ya ujuzi wetu. Lakini ndani yake mna hatari ambayo mwandishi wa makala haya aliingia mwenyewe, na yafaa aisimulie kwanza ili iwe zingatio kwa wengine.

Mwaka 2006 Maulidi yaliangukia mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Sisi vijana wa chuo tulikuwa tumejifunza kasida, nami ndiye niliyekuwa na rikoda, basi nikapewa kazi ya kuzinasa. Nilikwenda duka baada ya duka mjini nisipate hata kanda moja iliyo tupu. Wenye maduka walikuwa wamekwisha geukia sidii, na kanda walizobakiza zilikuwa zimejaa muziki. Kupeleka mtu Morogoro ilikuwa shida, kwani barabara ya Kidatu wakati huo ilikuwa ya udongo, na mvua ilikuwa imeiharibu. Ikawa imebaki siku moja tu.

Nikakumbuka sanduku la Bibi. Nililifungua akiwa shambani, nikachagua kanda moja isiyo na maandishi. Nikaitia katika rikoda, nikabonyeza vitufe viwili vya kunasia pamoja, lakini kimoja kilikataa kushuka. Nikaitoa nikaitazama, nikaona kwamba vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake vilikuwa vimevunjwa. Sikujiuliza ni nani aliyevivunja wala kwa nini. Nilikunja vipande vya karatasi nikaziba matundu, na kitufe kikashuka. Kasida zikanaswa, zikapendeza, watu wakatusifu.

Baada ya mwezi hivi Bibi aliniita akaniambia, "Mjukuu wangu, nitafutie ile kanda ya babu yako, anaposomesha Juzuu Amma." Babu alikuwa amekufa miaka tisa kabla ya hapo. Nilimpa kanda ile kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, nikamweleza nilivyofanya. Hakunikaripia. Aliishika mapajani muda mrefu, kisha akasema, "Haya, mjukuu wangu. Tutamsikia huko tuendako, Mungu akitujaalia." Hakuitaja tena hata alipofariki. Laiti angalinipiga, ingalikuwa nafuu kwangu.

UTEPE HUNASAJE SAUTI?

Ili tujue thamani ya kitu hiki, na tujue vilevile namna kinavyokufa, yatupasa tujue kimeundwaje. Ndani ya kanda mna utepe mwembamba wa plastiki, upana wake unapungua milimeta 4, nao umepakwa unga laini wa kutu ya chuma uliochanganywa na gundi. Sauti iingiapo katika maikrofoni hugeuka kuwa umeme, na umeme huo hupita katika kichwa cha rikoda ambacho ni sumaku. Utepe upitapo mbele ya kichwa hicho, kwa mwendo wa sentimeta 4.76 kwa sekunde, chembe zile za kutu hushika usumaku kwa kadiri ya sauti iliyotoka. Ukiurudisha utepe na kuupitisha tena, usumaku ule hugeuka kuwa umeme, na umeme kuwa sauti. Kwa hiyo sauti ya mzee wako imeandikwa juu ya kutu, na imeshikwa kwa gundi. Gundi ikioza, sauti huanguka pamoja na unga.

Elimu hii haikuja kwa siku moja. Mwaka 1898 Valdemar Poulsen wa Denmark alinasa sauti katika waya wa chuma. Mwaka 1928 Fritz Pfleumer huko Ujerumani alipaka unga wa chuma juu ya utepe wa karatasi, na mwaka 1935 mashine ya utepe iitwayo Magnetophon ilionyeshwa katika maonyesho ya redio mjini Berlin. Kanda ndogo hii tuijuayo majumbani ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, chini ya usimamizi wa mhandisi Lou Ottens, aliyefariki mwaka 2021.

Waislamu nao hawakuchelewa kuona faida yake. Huko Misri, Labib as-Said alitoa rai kwamba Qur'ani nzima inaswe kwa sauti, na kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary kikatoka mwaka 1961. Mwaka 1964 Cairo ilianzisha idhaa makhsusi ya Qur'ani, na kupitia redio na kanda visomo hivyo vikafika hata pwani yetu, kisha bara, mpaka katika mashamba ya mpunga ya Kilombero. Kanda ilikuwa na fadhila ambayo kitabu hakina: hata asiyejua kusoma aliweza kufaidika nayo. Mwanamke aliyezuiliwa na kazi za nyumba asihudhurie darsa aliweza kuisikia darsa ile ile huku akipepeta mchele.

KANDA TUPU ZAPATIKANA WAPI?

Sasa tulijibu swali la vijana. Viwanda vya kutengeneza utepe vilikuwa vingi duniani, lakini vimefungwa kimoja baada ya kingine. Mwanzoni mwa mwaka 2005 kiwanda cha Quantegy kilichokuwa Opelika, katika jimbo la Alabama, Marekani, kilifunga milango kwa ghafula, na wenye studio wakagombania akiba iliyobaki. Kilifufuka kwa muda mfupi tu. Kazi ya viwanda vya kale vya Ulaya ilirithiwa na kiwanda cha Avranches, Ufaransa, kinachotoa utepe kwa jina la RecordingTheMasters. Huko Marekani, ATR Magnetics ya York, Pennsylvania, ilijulikana kwa utepe mpana wa studio, na National Audio Company ya Springfield, Missouri, kwa kanda ndogo. Basi ikiwa dunia nzima yategemea viwanda vya kuhesabika kwa vidole, mtu wa Ifakara asishangae akiambiwa kwamba kanda hakuna.

Njia iliyo wazi kwetu ni Kariakoo, Dar es Salaam, lilipo soko kubwa la vifaa vya umeme. Kutoka huko mzigo huja kwa basi kwa njia ya Morogoro, Mikumi na Kidatu, au hushushwa stesheni ya Ifakara kwa reli ya TAZARA. Usimtume mtu kwa neno "kanda" tupu, mwandikie utakacho. Mwambie achague kanda ambayo karatasi yake ya nailoni haijafunguliwa. Mwambie atafute ya dakika 60, na ikikosekana ya dakika 90. Asichukue ya dakika 120, kwa sababu utepe wake ni mwembamba mno, nao hunyumbuka na kuzongana katika mashine zilizochakaa. Tena achukue kanda ya kawaida, ile iliyoandikwa namba moja ya Kirumi, kwa sababu rikoda nyingi za majumbani zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Na atazame kama ganda lake limefungwa kwa skurubu ndogo au limegandishwa. Lenye skurubu ni bora, kwa sababu tutakayoieleza baadaye.

Kanda zilizokwisha tumiwa ndizo rahisi kupatikana, na hapo ndipo penye hatari. Muuzaji atakuambia kwamba ni kuukuu tu, waweza kuzifuta na kuzitumia upya. Ni kweli kwa upande wa mashine. Lakini wewe wajua mna nini ndani? Kila uionapo kanda ambayo vijino vyake vya mgongoni vimevunjwa, fahamu kuwa ama ilitoka kiwandani imekwisha jazwa, ama kuna mtu aliyekaa siku moja akavivunja kwa ncha ya kisu, kwa kuwa alitaka kilichomo kisifutwe kamwe. Yule mtu pengine amekufa. Vijino vile vilivyovunjika ni wasia wake. Ukiziba tundu kwa karatasi kama nilivyofanya mimi, umeuvunja wasia wa mtu asiyeweza kukujibu.

Basi kanuni yetu na iwe hii: usifute kanda yoyote ya zamani kabla hujaisikiliza pande zote mbili, na kabla hujawauliza wenye nayo. Ukikuta darsa au kisomo au sauti ya mzee, irejeshe kwa watu wake. Na ukikuta siri ya nyumba ya watu, madeni yao au ugomvi wao, zima mashine. Mazungumzo ya watu ni amana, na amana haigeuki kuwa halali kwa sababu imeuzwa sokoni.

Nawe kijana mwenye studio, jiulize kwa nini wataka kunasa katika utepe. Wengine husema sauti ya utepe ni nzito na laini, yapendeza masikioni, na hayo ni kweli kwa anayeyapenda. Lakini ikiwa nia yako ni kuhifadhi tu, simu na kompyuta zafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Kazi iliyo muhimu zaidi kwa kanda tupu katika bonde letu ni kuziokoa zile zilizojaa.

JINSI YA KUZIOKOA ZILIZOPO

Hali ya hewa yetu ni adui wa utepe. Maktaba kubwa huweka tepe zao katika ubaridi wa nyuzi 18 hadi 20 na unyevu mdogo. Sisi twaishi katika joto na mvua, na mito ya bonde hili ikivimba maji huingia hata majumbani. Unyevu huingia katika gundi ya utepe na kuilegeza, na ukungu mweupe huota pembeni mwa msokoto. Basi ondoa kanda zako chini ya kitanda, ziweke juu, mbali na dirisha, na mbali na spika kubwa ambayo ndani yake mna sumaku. Zisimamishe wima kama vitabu, katika kopo lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja katika maboksi ya viatu vipya. Wako watu wanaotia mchele mkavu badala ya vifuko hivyo. Sisi wa Kilombero mchele hautushindi, lakini huacha vumbi na huleta fukusi, basi heri uule.

Kanda yenye ukungu usiicheze, kwani itauchafua utepe na mashine pamoja. Itenge na nyingine, na umpelekee mtu mwenye ujuzi. Ile iliyo safi, kwanza izungushe kwa penseli taratibu uone kama utepe watembea. Kabla ya kuicheza, safisha kichwa cha rikoda kwa pamba iliyotiwa spiriti kidogo, na ungoje kikauke. Kisha jaribu mashine yako kwa kanda usiyoijali. Mashine mbovu ikila kanda ya muziki si hasara. Ikila sauti ya baba yako hakuna fidia.

Hapa ndipo inapofaa ile kanda mpya yenye skurubu. Mara nyingi utepe wa kale ni mzima, ila ganda limepinda, au kile kisponji kidogo kinachousukuma utepe kwenye kichwa kimebanduka, na sauti imekuwa hafifu. Mtu hudhani kanda imekufa, kumbe imekosa nyumba tu. Fundi mwenye mkono mtulivu hufungua ganda jipya, akatoa utepe wake mtupu, akauhamisha wa kale pamoja na magurudumu yake, akafunga skurubu. Kwa bei ya kanda moja tupu amerudisha sauti iliyokwisha katiwa tamaa. Kijana anayetafuta kanda tupu kwa ajili hiyo, sisi twamwombea apate nyingi.

Kanda ikisikika, inase mara moja katika kompyuta kwa waya kutoka tundu la rikoda, wala si kwa kuelekezea simu kwenye spika. Kanda ya dakika 90 itachukua dakika 90. Hakuna njia ya mkato, kwa hiyo kaa uisikilize. Mwite bibi au mjomba akae nawe, maana yeye ndiye ajuaye ni nani anayekohoa pale nyuma, na ni mtoto wa nani anayeulizwa herufi. Andika yote: jina la msemaji, mahali, mwaka, na jambo. Weka nakala tatu, na moja iwe nje ya nyumba hiyo, kwa jamaa wa Mahenge au Morogoro, ili mafuriko au moto usizichukue zote. Kisha kanda yenyewe usiitupe.

Na kama wazee wamesema katika kanda habari za mali, wasia au deni, jambo hilo wapelekeeni wenye elimu ya sharia na mashahidi. Sauti ni ukumbusho mzuri, lakini isitegemewe peke yake katika haki za watu.

HATUNA WAKATI MWINGI

Wajua, msomaji, namna Qur'ani Tukufu ilivyokusanywa katika msahafu. Katika vita vya Yamama waliuawa wengi waliokuwa wameihifadhi kwa moyo, na Sayyidna Umar akaingiwa na hofu, akamshauri Sayyidna Abu Bakr, na Zaid bin Thabit akapewa kazi ile nzito. Hatufananishi maneno ya wazee wetu na Maneno ya Mwenyezi Mungu, hasha! Bali twaufuata mfano: watu wema walipoona vifua vinavyobeba elimu vinakwenda kaburini, hawakungoja.

Sisi wa bonde hili tumekwisha ngoja mara nyingi mno. Babu zetu Wambunga na Wapogoro walipigana katika Vita vya Majimaji, na boma la Mahenge lilishambuliwa mwishoni mwa Agosti 1905. Ilipofika mwaka 1968, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipotumwa kukusanya habari za vita hivyo, miaka 63 ilikuwa imepita, na walioishuhudia vita kwa macho walikuwa wamebaki wachache. Habari zimeandikwa, tena twashukuru, lakini sauti zao, namna walivyotamka na namna walivyonyamaza, ni nani kati yetu awezaye kuwasikilizisha wanawe?

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na moja katika hayo ni elimu yenye kunufaisha watu. Mzee aliyesomesha mbele ya rikoda, na watoto wakamfuata herufi kwa herufi, ameacha elimu hiyo. Kama mtoto mwingine leo ataisikia kanda ile na kusahihisha kisomo chake, thawabu twataraji humfikia mwalimu kaburini. Na aliyeifuta? Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe; lakini mlango ule ameufunga yeye, hata kama hakukusudia.

Basi wewe mzazi, baada ya kuusoma ukurasa huu, literemshe lile boksi mkalifungue pamoja na watoto wako. Nawe kijana, ukitafuta kanda tupu, tafuta iliyo tupu kweli. Mimi ninayo mpaka leo ile kanda ya kasida zetu za mwaka 2006. Nimeisikiliza mara nyingi, hasa pale mwisho, baada ya kasida ya mwisho kukatika, ambapo pana kimya cha sekunde chache kabla utepe haujakwisha. Nikitumaini kwamba huenda pamebaki hata herufi moja. Hapana kitu. Karatasi nilizozibia matundu nimeziondoa.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, na atujaalie kuwa watunzaji wa amana walizotuachia. Amin.